Kipimo cha Dole Gumba

Jumatatu, tarehe 15 mwezi wa saba, 2024

Siku ya sabini na tatu tangu mume wangu Lukumani atutoke.

Nimepata kaye hii, daftari langu la kazi, chini ya cherehani. Kurasa za mwanzo zimejaa vipimo vya nguo za watu – kiuno, mabega, urefu wa mkono. Nimeigeuza, naanzia nyuma. Sijui kwa nini naandika. Labda kwa sababu nyumba hii imebaki na watu wawili, na anayesema ni mmoja tu. Nauliza mwenyewe, najibu mwenyewe. Bora niulize karatasi.

Mama Mwayuma, mama yake Lukumani, hajatoa neno tangu siku tulipozika. Si kwamba hasikii. Sahani ikianguka, anageuka. Anachambua mchele, anatwanga sombe, majani ya mihogo, anaswali – midomo inacheza, sauti hakuna. Lakini ukimuuliza jambo anakutazama tu, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Hata kichwa hatikisi. Daktari aliyemwona mwezi uliopita alisema koo ni zima. Ni huzuni, alisema. Mumpe muda.

Zamani, kabla ya kusema neno lolote la maana, mama alikuwa anakohoa kwanza. Mara mbili, kidogo kidogo. Lukumani alikuwa anamcheka: "Sikia! Mama anapiga hodi kwenye koo lake mwenyewe!"

Hata kile kikohozi nakikosa.

Jumatano, tarehe 17

Nimefungua sanduku la Lukumani leo. Nilikuwa nimejiambia nisubiri eda iishe. Sikuweza.

Ndani – mashati mawili, sindano za Kichina bado zimefungwa kwenye karatasi zake, kaye ya bluu, na kile kijiti chake cha kupimia.

Sindano zile! Lukumani alikuwa muuguzi kule Salamabila miaka mitatu, kwenye zahanati ndogo karibu na machimbo. Kulikuwa na kambi ya Wachina, na katika kambi kulikuwa na daktari wao, mzee mwembamba asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Lukumani alimpelekea ndizi, mzee akamwonyesha jinsi ya kutibu kwa kuchoma sindano tupu, zisizo na dawa. Ndivyo urafiki ulivyoanza. Walisemezana kwa mikono na kwa michoro. Lukumani alijifunza kwenye mwili wake mwenyewe kwanza, miguu yote ilikuwa na alama kama ya mtu aliyeumwa na mbu wa mto Lualaba.

Aliporudi hapa Kasongo watu wa mtaa walitucheka. Mke anashona nguo, mume anashona watu! Wakaiita nyumba yetu Kwa Sindano. Halafu migongo yao ikawauma, wakaja.

Kijiti ni cha mwanzi. Alikichonga siku za kujifunza, upana sawasawa na dole gumba lake. Nimekiweka juu ya dole langu. Kinapita, pande zote mbili. Alikuwa na mikono mikubwa, maskini, na bado aliweza kuingiza uzi kwenye sindano yangu kunizidi.

Nimekaa nacho mkononi mpaka adhana ya alasiri.

Alhamisi, tarehe 18

Nasoma kaye ya bluu. Kurasa nyingine ni Kifaransa, hizo naziruka, Kifaransa changu kiliishia mwaka wa nne wa sekondari. Za Kiswahili nazisoma polepole, kwa sababu namsikia anasema.

Ameandika juu ya pointi kumi na tano za kuunganisha, mahali pa kuchoma sindano. Mwili una njia kumi na mbili, mbili mbili kama majirani, moja ya ndani na moja ya nje. Njia ya mapafu ni jirani wa njia ya utumbo mkubwa. Njia ya moyo ni jirani wa utumbo mdogo. Kila njia ina pointi moja ya kuunganisha. Halafu kuna tatu za ziada: ya mbele, ya mgongo, na moja kubwa ubavuni inayoshika zote.

Chini yake ameandika: *Ni kama mlango wa uani kati ya nyumba mbili. Chumvi ikikuishia, huzunguki barabarani. Unapita uani. Nyumba moja ikiwa na kingi na nyingine haina, mlango huu ndio unaosawazisha.*

Nikacheka peke yangu. Huo ni mlango wetu na jirani yetu Victorine! Ule wa matete, unaolia ukisukumwa. Sasa niko katika eda, sitoki, na kila kitu kinanifikia kwa mlango ule. Chumvi, mafuta, habari za soko.

Majina ya Kichina ameyageuza kwa Kiswahili, mengine sijui kama ni sawa. Nuru Angavu iko mguuni, ni ya macho. Neema Tele iko muundini, ni ya makohozi. Mwanya iko juu ya kifundo cha mkono, ni ya kikohozi, kichwa na shingo iliyokakamaa. Babu na Mjukuu iko ukingoni mwa wayo, ni ya tumbo.

Na hii: *Njia ya Kufika Ndani. Ni ya moyo. Iko sehemu ya ndani ya mkono, upande wa kidole kidogo, upana wa dole gumba moja juu ya mkunjo wa kifundo. Ikijaa, kifua kinabana. Ikiwa tupu, mtu hawezi kusema.*

Nimesoma mara tano. Mtu hawezi kusema.

Jumapili, tarehe 21

Nimeanza Ijumaa. Si kwa sindano, kwa kidole. Asubuhi baada ya chai namketisha mama mkekani, napima kwa kijiti cha Lukumani kutoka kwenye mkunjo, nabonyeza taratibu, nahesabu pumzi thelathini. Halafu mkono wa pili. Mama ananiachia mkono wake kama unavyomwachia mtu kikapu akushikie.

Victorine amepita uani baada ya misa akatukuta. Yeye ni muuguzi kwenye santre ya afya ya misheni, alifanya kazi na Lukumani.

"Aziza! Uko unamupima mama shati?"

Nikamweleza. Akasoma ukurasa, akakuna shingo.

"Kidole hakijaua mutu," akasema. "Lakini ile sindano ukiigusa, nitakupiga na mwiko. Wewe ni mushonaji. Nguo ukikosea unafumua. Mutu hafumuliwi."

Halafu akachuchumaa mbele ya mama, akamsalimu kwa sauti ya juu kama wote wanavyofanya, kana kwamba bubu ni kiziwi. "Mama Mwayuma! Nikuletee visamaki vya ndakala kesho?" Mama akamtazama. Victorine akamshika shavu, akaondoka haraka. Najua alikuwa analia. Mlango ulilia pia.

Jumatano, tarehe 24

Bado.

Jumamosi, tarehe 27

Djamali amepiga simu kutoka Kabambare. Ni mdogo wake Lukumani, ana duka la sabuni na chumvi kule. Sauti inakatika, inarudi. Nimeandika kama nilivyosikia.

"Shemeji, mimi sina neno na wewe. Lakini huku mashangazi wanasema sana. Kuna mutu ametoka Kasongo, amesema kila siku unamubonyeza mama mukono, na kila siku mama iko kimya. Wanasema unamufunga sauti."

"Na wewe unasemaje?"

Sauti ikapotea, nikadhani mtandao umekatika. Akasema: "Mimi nasema niko mutoto wa kiume mumoja tu amebaki. Nitakuja kumuchukua Jumamosi ya tarehe kumi."

Nikamwambia mama amekaa nami miaka tisa, godoro lake liko hapa, shamba lake la mihogo liko hapa, rafiki zake wa kisomo wako hapa. Akasema anajua. Nikamwambia nisubiri basi eda iishe, nimsindikize mwenyewe. Siwezi kupanda pikipiki sasa, siwezi kuvuka kizingiti, unajua. Akasema anajua hilo pia, lakini mvua zikianza mto Luama haupitiki, na mashangazi hawasubiri.

Mwishoni akasema: "Akisema kwa kinywa chake mwenyewe 'nabaki', namuacha. Naapa. Lakini kinywa, shemeji. Macho hapana. Macho kila mutu anayasoma anavyotaka."

Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

Siku kumi na nne.

Jumatatu, tarehe 29

Sasa nabonyeza mara tatu kwa siku. Pumzi thelathini, halafu sitini. Mahali pale pamekuwa pekundu kidogo. Nimempaka mafuta ya mawese.

Bado.

Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa nane

Leo sikulala mchana kama kawaida. Nilikuwa nakumbuka Lango la Ndani. Nayo ni pointi ya kuunganisha, katikati ya mkono, vidole vitatu juu ya mkunjo. Kwa kichefuchefu.

Mwaka ule nilipopata mimba, ile ambayo haikukaa, sikuweza kunusa hata wali. Lukumani alikuwa akirudi kazini ananiketisha kizingitini, ananishika Lango la Ndani mkono huu na ule, na mama anakaa pembeni anakata bamia na kumsimanga. "Wanaume wengine wanawaletea wake zao nyama. Wewe unamuletea kidole!" Na Lukumani: "Mama, nyama ataitapika. Kidole hakitapiki." Wakacheka mpaka nikacheka, na nikicheka kichefuchefu kinapungua, kwa hiyo hatukujua kamwe dawa ilikuwa kidole au kicheko.

Mtoto alipotoka, mama alinilaza mapajani mwake siku mbili. Hakusema pole. Alikohoa mara mbili, akasema, "Wewe ni mutoto wangu. Basi." Neno hilo tu. Nimeishi nalo miaka saba.

Ndiyo maana sitaki achukuliwe. Niiandike hapa ambapo hakuna anayesoma: sijui kama nataka sauti yake kwa ajili yake, ama kwa ajili yangu. Nataka mtu wa kuniambia tena neno lile.

Jumapili, tarehe 4

Nimefungua karatasi moja ya sindano. Nyembamba kama unywele. Nimeishika juu ya mkono wa mama, pale kijiti kinapoishia. Mama akatazama sindano, akanitazama mimi, hakuvuta mkono.

Ni ile imani yake iliyonirudisha. Nimeizungushia kitambaa, nimeitupa chooni. Mtu hafumuliwi.

Jumanne, tarehe 6

Nimekuwa mjinga! Mjinga mkubwa, na mshonaji juu yake!

Victorine amekuja mchana na ndakala. Nilikuwa nampima mama, kijiti kimelala kwenye mkono wake. Akasimama anatazama, mikono kiunoni.

"Aziza. Hiki kijiti ni kipimo cha nani?"

"Cha marehemu."

"Na mukono ni wa nani?"

Nikautazama mkono wa mama.

"Wewe ungenishonea mimi nguo ya harusi na vipimo vya dada yako?"

Lo! Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua kabisa. Mara mia nimemwona Lukumani – kila mgonjwa, kabla ya kitu chochote, alikuwa anamwomba dole gumba. Mzee mrefu, dole lake. Mtoto, dole lake. Alikuwa analishika, analilaza kwenye ngozi ya mtu mwenyewe, anaweka alama kwa kalamu ya biki. Nilimwuliza siku moja, kijiti cha nini basi? Akasema hicho ni cha mwili wake tu, cha siku za kujifunza. Victorine akafungua kaye ya bluu, akanisomea ukurasa wa kwanza wa Kifaransa, ule ninaouruka kila siku. Umeandikwa kwa wino mwekundu: kipimo ni dole gumba la mgonjwa mwenyewe, si la mganga, si la mtu mwingine yeyote.

Lukumani alikuwa mtu mzima wa mita moja na themanini na kitu. Mama ananifikia begani, na mimi si mrefu. Siku kumi na nane nimekuwa nikibonyeza mahali pasipo pake, karibu nusu dole juu. Nikihesabu pumzi! Nikimpaka mafuta!

Na sababu ni kwamba nilipenda kukishika. Basi. Nilipenda kitu chenye upana wa dole lake kiwe mkononi mwangu mara tatu kwa siku. Nikaita dawa.

Victorine hakunicheka. Alisema tu, "Ningekuwa mimi ningelala nacho." Halafu akaenda na sahani yake.

Jumatano, tarehe 7

Leo nimeweka kijiti juu ya kabati. Nimeshika dole gumba la mama. Dogo, gumu, limepinda kidogo upande wa kulia kwa miaka ya kumenya karanga. Sijawahi kulitazama hivi. Nimelilaza kwenye mkono wake mwingine, juu ya mkunjo, nimeweka alama kwa biki.

Kuna kijishimo pale, kando ya ule mshipa mgumu. Kijishimo halisi! Kidole kimeingia chenyewe kama mguu kwenye kandambili za zamani.

Nikabonyeza. Pumzi tatu. Mama akavuta mkono.

Akauvuta! Akaukunja kifuani, akanikunjia uso. Lukumani aliandika kwamba ukipata mahali penyewe mgonjwa anasikia uzito, kama sisimizi wanatembea, kama ganzi. Nikamwuliza, "Mama, umesikia?" Hakujibu. Lakini aliendelea kuusugua mkono ule mpaka jioni, na alikuwa ananitazama kama mtu aliyefika upande huu wa mto.

Ijumaa, tarehe 9

Jana na leo – mama mwenyewe ndiye anayetoa dole gumba. Naketi mkekani, kabla sijasema, ananinyoshea.

Neno hakuna.

Nimefua nguo zake zote. Nimeshona upya upindo wa kitenge cha kijani. Kama ataondoka, aondoke nadhifu. Siku moja imebaki. Djamali amepiga simu kutoka Wamaza, pikipiki ilipata pancha, atalala pale.

Pointi mbili za jirani, aliandika Lukumani, hazifunguki haraka. Mlango ukikaa siku nyingi umefungwa, bawaba zinashika kutu. Unausukuma, unangoja. Unausukuma.

Sina siku za kungoja, mume wangu.

Jumamosi, tarehe 10

Naandika haraka. Djamali ameenda msikitini kuswali adhuhuri. Akirudi ni safari, amesema, ama neno la mama.

Alifika saa nne, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, amefunga jogoo nyuma ya pikipiki kwa ajili ya mama. Akapiga magoti, akambusu mikono. Akanisalimu kutoka mlangoni, macho chini, kwa heshima ya eda. Nilisahau jinsi wanavyofanana. Alipokunywa chai niliangalia tu vidole vilivyoshika kikombe.

Akamwuliza: "Mama, unaenda na mimi, ao unabaki?" Mama kimya. Akauliza tena. Akaniambia, bila ukali, "Unaona mwenyewe, shemeji." Akaanza kufunga vitu vya mama: mswala, kopo la kahawa, kitenge cha kijani. Alikuwa anafunga kamba na analia, anajifuta na bega kama mtoto. Godoro akaliacha. Akasema atanunua lingine.

Nikamwomba ruhusa nimshike mama mkono mara ya mwisho. Akasita. Akasema, "Fanya. Nione ni nini hiki wanachokisema." Nikaketi mkekani. Mama akatoa dole gumba lake. Nikapima, nikabonyeza. Djamali amesimama juu yetu na kamba mkononi. Nilihesabu pumzi thelathini, za mama na zangu zikaenda pamoja.

Halafu mama akainuka. Akaenda kwenye kabati, akanyosha mkono, hakufika. Nikamteremshia nikidhani anataka Korani. Hakutaka. Alionyesha kijiti.

Nikampa.

Akakilaza juu ya dole lake. Kikapita, pande zote mbili. Akakilaza juu ya langu. Kikapita. Halafu akamshika Djamali mkono, akaufungua kutoka kwenye kamba, akakilaza juu ya dole gumba la mwanawe.

Sawasawa! Hakuna hata unywele uliozidi.

Djamali akatazama. "Hiki nini?" Nikamwambia: ni dole la kaka yako. Alikichonga Salamabila. Akafunika uso. Mama akamkunja vidole, kimoja kimoja, mpaka kijiti kikapotea ndani ya ngumi yake. Akamsukuma ngumi ile kifuani, mara mbili, kama anavyofanya mtu akisema: chukua hiki. Hiki.

Kisha akaenda kwenye mzigo akauketia.

"Mama," Djamali akasema, "sielewi. Unanipa hiki niende nacho? Ao unanipa kwa sababu tunaenda wote? Sema, mama. Neno moja. Nitawaambia nini huko?"

Adhana ikaanza. Akaondoka na ngumi imefungwa, hajaifungua.

Kijiti nimekikosa basi. Nilidhani nitalia. Silii. Kaye ya bluu ninayo, na kipimo nakijua sasa.

Mama bado ameketi juu ya mzigo, mbele yangu, mgongo umenyooka. Amegeuza mkono wake wa kushoto kiganja juu. Dole gumba la kulia liko pale pale, juu ya mkunjo, upande wa kidole kidogo. Anajibonyeza mwenyewe. Sikumfundisha. Macho ameyafunga. Nahesabu naye. Nimefika arobaini na moja.

Swala imekwisha, nasikia watu barabarani. Jogoo anapiga mabawa. Hatua za Djamali – anapita mbele, siyo uani. Amesimama nje ya mlango, hajaingia. Anasema, "Hodi, mama. Nimerudi."

Mama amefungua macho. Ameinuka kabla yangu, anaenda yeye mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, kama mwenye nyumba anayepokea mgeni.

Amekohoa.

Mara mbili.